Hatukupima Wapulizaji

Foleni ya ndoo ilianzia kwenye bomba la uani, ikapinda kufuata ukuta wa jikoni. Zilikuwa za kila rangi, zimegusana mbavu kwa mbavu, nyingine zimetiwa jiwe ndani zisipeperushwe na upepo. Halafu palikuwa na nafasi tupu ambayo mtu angeweza kujilaza na kunyoosha miguu. Ng'ambo ya nafasi hiyo ndipo ilipokaa ndoo yake. Alikuwa ameiweka mwenyewe mapema, imegusana na ya jirani yake fundi cherehani. Sasa ilikuwa huku, peke yake, na fimbo iliyotumika kuisukuma ilikuwa bado imeegemezwa ukutani.

Hakuuliza. Alisimama mlangoni pa chumba chake, bega kwenye mwimo, akingoja zamu. Kikohozi kilikuwa kinampanda. Alikijua kinavyokuja: kwanza mwasho mdogo chini ya koo, kama unyoya, kisha kifua kinakaza kana kwamba mtu anakivuta kwa kamba kutoka mgongoni. Akarudi ndani haraka, akachukua mto, akauzika uso humo na kukohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipojitokeza tena, ua ulikuwa kimya. Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wamejiziba pua kwa ncha za khanga, na mmoja alikuwa amemvuta mwanawe mkono, kama mtu anavyomvuta mtoto gari linapopita.

"Ukungu!" mama mwenye nyumba aliita kutoka barazani kwake. Hilo ndilo jina alilopewa na mtaa enzi zile za kupuliza dawa, na lilikuwa limemganda. "Umeamkaje, baba?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Salama gani hiyo, na ukuta mzima unatikisika? Sasa sikia. Chooni utaingia wenzako wakishamaliza, sawa? Na ukitoka umwage maji mengi. Sikufukuzi, mimi si mtu wa hivyo. Lakini nina wapangaji."

"Nimepimwa, mama. Sina ugonjwa."

"Najua umepimwa. Hata wale tuliowazika walipimwa."

"Mwache, mama," fundi cherehani alisema bila kuinua macho kwenye ndoo yake. "Huyo ni dawa tupu. Mdudu akimwingia, anayekufa ni mdudu."

Uani wakacheka. Yeye naye akacheka, kwa uangalifu, kwa pua tu, maana kicheko nacho kilikuwa kinaamsha kifua. Siku nyingi zilikuwa zimepita tangu mtu amtanie, na alijikuta akitaka fundi cherehani aongeze neno lolote, hata la kuudhi. Lakini fundi alikuwa ameshajaza maji na kuondoka zake.

"Leo kuna mkutano ukumbini," mama mwenye nyumba alisema. "Yule daktari wa utafiti amerudi na majibu. Kasikilize, huenda kuna la kukufaa. Ila kaa nyuma."

Hakumwambia kwamba shati la mkutano alikuwa ameshalinyoosha tangu jana, na kwamba hakulala vizuri kwa kuuwazia.

*

Kabla ya ugonjwa alikuwa fundi wa kupaka rangi. Alipaka nyumba za watu, maduka, na mara moja alipaka ukumbi uleule wa mtaa, kuta za rangi ya maziwa na ukanda wa kijani chini. Ugonjwa ulipoingia, watu wakaacha kukaribisha wageni majumbani, sembuse fundi wa kushinda sebuleni kutwa na ngazi yake. Ndoo za rangi zikakauka. Ndipo Bwana Afya wa kata alipopita akitafuta watu wanaojua kushika pampu.

"Wewe fundi, umezoea kunyunyiza rangi?"

"Nimezoea."

"Basi hii ni hivyohivyo, tofauti haionekani ukutani."

Wakampa ovaroli ya bluu, buti, miwani ya plastiki iliyokatika mkanda wiki ileile, na pampu ya kubeba mgongoni. Dawa ilikuja katika ndoo kubwa nyeupe, unga wa klorini wa kuchanganya na maji. Kipimo kilikuwa kimechorwa kwenye kifuniko: kikombe hiki kwa maji haya. Siku za mwanzo alichanganya hivyo hivyo. Akapita vichochoro, akapuliza kuta, milango, meza za sokoni, vizingiti, na watu wakasimama wakimtazama, mikono kiunoni.

"Mbona hainuki?" aliuliza mama mmoja muuza mboga.

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Mnatumwagia maji! Dawa wamekula wakubwa, sisi tunaletewa maji!"

Neno hilo lilikimbia kuliko yeye. Kabla hajafika mwisho wa kichochoro watu walikuwa wameshajaa ofisini kwa Bwana Afya wakidai dawa ya kweli, ile inayowasha macho, ile wanayopuliziwa wenye nyumba zao za ghorofa. Bwana Afya alimfuata mwenyewe, akamkuta amekaa kwenye ngazi ya duka anapumzika.

"Fundi, watu wanataka waisikie."

"Kipimo ndicho hiki, mkubwa."

"Kipimo kaandika mtu aliyekaa ofisini. Hapa ni mtaani. Ongeza. Mpaka wakisimama pale" — akaonyesha ng'ambo ya barabara — "wajue kazi inafanyika."

Akaongeza. Tangu siku hiyo hakutazama tena kifuniko. Alichanganya kwa pua yake mwenyewe: dawa ikimchoma yeye aliyeinama juu ya ndoo, ilikuwa tayari. Na pua nayo huzoea, kwa hiyo kila wiki iliyopita ilitaka zaidi ili ichomeke. Alikuwa akiingia chumba cha watu, anafunga madirisha ili dawa ishike, kama walivyomwagiza, anapuliza toka pembeni kuja mlangoni, na anapotoka macho mekundu kama ya mlevi, wenye nyumba wanampigia makofi. Watoto walimfuata nyuma wakiimba "Ukungu! Ukungu!" na kukimbilia ndani ya ule moshi mweupe wakicheka na kukohoa. Wanawake walimtilia chai kwenye vikombe vya wageni. Alitembea katikati ya barabara zilizokuwa tupu, na alijiona mtu.

Ofisini hapakuwa na kitasa cha kuaminika, klorini ilikuwa inaibiwa. Bwana Afya akamwambia alale nayo. Basi ndoo zile nyeupe zikaingia chini ya kitanda, kitanda ambacho upande mmoja alilala mkewe, na katikati binti yao mdogo, aliyepewa jina la bibi yake na kwa sababu hiyo baba yake hakumwita kwa jina, alimwita Mama.

Mke ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Nguo zilizoning'inia ukutani zilikuwa zinapauka mabega.

"Hii kitu inakula nguo, baba. Wewe unaivuta kifuani."

"Inaua wadudu. Mimi si mdudu."

Walicheka siku hiyo.

*

Kikohozi kilianza kidogo, kikakataa kuondoka. Kazi ya kupuliza ikasimamishwa ghafla, bila maneno, pampu zikarudishwa stoo. Yeye akabaki na kikohozi katika mtaa ambao mtu akikohoa mara mbili dukani, duka linabaki na mwenye duka peke yake. Alikwenda kupimwa. Akaenda tena, na tena.

"Huna ugonjwa," muuguzi alimwambia kwa furaha mara ya kwanza.

"Huna ugonjwa," alimwambia mara ya tatu, safari hii bila furaha.

"Basi nina nini, dada?"

"Mimi nakwambia usichokuwa nacho. Wodi hii ni ya wenye ugonjwa, na dawa zilizoletwa ni zao. Kama ungekuwa nao ningekulaza leo hii, na chakula ungepata. Nenda nyumbani, unywe maji ya moto. Anayefuata!"

Akatoka akipishana na waliokuwa wanaingizwa kwa machela, na wazo likampitia, akalionea aibu papo hapo: kwamba wale wana bahati.

Wakati huo mkewe alikuwa ameshahamia kwa dada yake mkubwa, mtaa wa pili. Hawakugombana. Siku moja tu, mtoto alipokohoa usingizini mara moja, mara moja basi, mkewe aliketi kitandani mpaka kukakucha, na asubuhi akafunga nguo. Yeye mwenyewe ndiye aliyembebea mzigo mpaka njia panda.

Tangu hapo alikwenda kuwaona kila alipopata nguvu za kutembea. Hakuingia. Shemeji yake alikuwa amefunga kamba kwenye lango, na yeye alisimama nje ya kamba, mkewe akasimama ndani karibu na ngazi, na Mama akainuliwa mkononi ili amwone. Maneno yao yote yalibidi yapigwe kwa sauti, na mambo ya mume na mke hayasemeki kwa sauti, kwa hiyo walikuwa wakizungumza bei ya mkaa.

Safari ya mwisho shemeji alitoka mwenyewe, barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine.

"Shemeji, mimi sikuchukii."

"Najua, shemeji."

"Lakini mume wangu ana sukari. Ugonjwa ukiingia humu, anayebebwa ni yeye. Unaniambia umepimwa. Naamini. Majirani je? Mkeo akiwa kisimani wanamkimbia, wanasema mumewe anakohoa damu."

"Sikohoi damu!"

"Si mimi ninayesema. Nakwambia hivi: mlete mtu mzito aseme. Daktari, Bwana Afya, yeyote mwenye cheo, asimame mbele ya watu aseme huyu mtu ni mzima, kikohozi chake si kile. Siku hiyohiyo nitakusindikizia mkeo na mwanao mpaka kwako, na kuku nitachinja."

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama chini, akimfunga mtoto kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Mimi nakuamini, baba," alisema. "Ila hapa si kwangu."

"Na kule kwako?"

"Kule hata bomba sitalikaribia. Nitaishi na wewe mle ndani, madirisha yamefungwa, mpaka lini? Mtoto acheze na nani?" Kisha akainua uso. "Mkutano upo. Dada na mimi tutakuja. Muulize daktari mbele za watu. Aseme tu."

*

Ukumbi ulijaa pomoni. Daktari wa utafiti, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala, kabla ya kusema lolote aliomba madirisha yafunguliwe, yote. Wakahangaika nayo. Mengine yalikuwa yamegandishwa na rangi, na yeye aliyekuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, peke yake kwenye benchi la watu wengi, alitambua kwamba ni rangi yake. Mkewe na shemeji walikuwa upande wa wanawake, karibu na mlango. Mama alikuwa amelala begani.

Daktari hakutumia maneno magumu. Alisema walizunguka mtaa huu na mitaa mingine kwa miezi mingi, wakapima kuta, meza, vitasa vya milango, hewa ya vyumbani, hewa ya nje, wagonjwa na jamaa zao. Wamejua sasa ugonjwa unatembeaje. Unasafiri kwa pumzi. Mtu akipumua, akiongea, akiimba ndani ya chumba kilichofungwa, pumzi yake inabaki humo kama moshi wa jiko, na mwenzake anaivuta.

"Kwa hiyo," alisema, "fungueni madirisha. Vaeni barakoa mnapobanana. Nawieni mikono, ni vizuri siku zote. Na ile kazi ya kupuliza dawa barabarani na majumbani..." Akasita, akamtazama Bwana Afya aliyekuwa ameketi pembeni ya meza. "Tulilinganisha mitaa iliyopulizwa na isiyopulizwa. Hatukuona tofauti. Watu waliugua sawasawa. Kupuliza hakukusaidia."

Ukumbi ukanung'unika. Mtu akacheka. "Sasa tulikuwa tunavutishwa nini?"

"Tulikuwa tunaogeshwa!"

"Ukungu, rudisha chai yangu!" ilisikika sauti ya mwanamke, na kicheko kikapanda hadi mapaa, na vichwa vikageuka nyuma, safu baada ya safu, kumtafuta.

Bwana Afya akainuka, mikono juu. "Jamani, jamani. Wakati ule sayansi haikujua. Tulifanya kwa nia njema. Maswali?"

Alisimama. Hakunyoosha mkono, alisimama tu, na kwa kuwa alikuwa peke yake kwenye benchi alionekana. Alikuwa amelipanga swali lake njia nzima, fupi, ili lipite kabla ya kifua.

"Daktari. Mimi ndiye niliyekuwa nikipuliza. Nakohoa. Nimepimwa kila mara, sina ugonjwa. Nauliza, ile dawa inaweza kumla mtu kifua? Na kama ni hiyo, naomba uwaambie hawa... uwaambie kwamba..."

Kikapanda. Alikaza meno. Akajaribu kumeza, akajaribu kugeukia dirisha, na kikohozi kikamkunja katikati kama kisu cha kukunja. Alipokuwa ameinama hivyo, alisikia mabenchi yakikwaruza sakafu. Hakuona watu wakitoka. Aliona miguu tu, viatu, kandambili, kandambili moja iliyoachwa. Mtoto aliamka akalia, na alijua ni mtoto gani. Alipoweza kunyoosha mgongo, ukumbi ulikuwa umebaki na watu watatu: yeye, Bwana Afya aliyesimama mlangoni nusu ndani nusu nje, na daktari, ambaye hakuwa amekimbia.

"Kaa," daktari alisema. "Vuta pumzi polepole. Ulikuwa unachanganya kiasi gani?"

"Mpaka inuke."

"Inuke vipi?"

"Mpaka macho yatoke machozi."

Daktari alifumba macho kidogo. "Na ulivaa nini puani?"

"Hii." Akamwonyesha barakoa ya kitambaa.

"Ndiyo," daktari alisema. "Inaweza kula kifua. Ukiniuliza mimi, naona imekula. Unahitaji kupigwa picha, na mtaalamu wa mapafu akuone kwenye hospitali kubwa."

"Waambie basi wale wa nje. Hilo tu. Hospitali nitatafuta baadaye."

"Niwaambie nini? Sina vipimo vyako." Alisema kwa uchungu wa kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angefoka. "Tulipima kuta. Tulipima hewa, wagonjwa, hata maji ya mitaroni. Hatukupima wapulizaji. Haikuwa kwenye utafiti. Nikisimama pale niseme kitu ambacho sikukipima, kesho na haya mengine niliyowaambia watayatilia shaka. Unanielewa, kaka?"

"Na kipimo, daktari," Bwana Afya aliingilia kutoka mlangoni, "kipimo kiliandikwa kwenye kifuniko. Kama mtu alizidisha kwa hiari yake, idara haiwezi..."

"Wewe ndiye uliyeniambia niongeze."

"Mimi? Fundi, nilikwambia ufanye kazi ionekane."

Wakatazamana. Nje kelele zilikuwa zinakua. Mtu alikuwa akisema kwa sauti kwamba jioni kuna kikao cha harusi ukumbini, na kesho chanjo ya watoto, nani ataleta mtoto wake mle ndani baada ya yule kukohoa? Mwingine akataka papulizwe dawa. Wengine wakaitikia. Papulizwe! Papulizwe sasa hivi, tuone!

Bwana Afya alitoka, akarudi anafuta jasho. "Daktari, gari lako liko tayari."

"Hamtapuliza," daktari alisema. "Nimetoka kuwaambia sasa hivi. Acheni madirisha wazi, baada ya muda hewa itabadilika yenyewe. Na huyu mtu hana ugonjwa ule."

"Nimekuelewa kabisa. Lakini wewe unaondoka. Mimi nabaki na hawa."

Daktari alisimama kidogo, mkoba kifuani. Kisha akamgeukia mpulizaji. "Usiiguse tena dawa ile. Hata mara moja. Umenisikia?" Akaandika jina la hospitali, akampa, akatoka kwa mlango wa nyuma ambako dereva alikuwa ameshawasha gari. Hospitali aliyoitaja ilikuwa mji mwingine.

Bwana Afya alifunga mlango ule wa nyuma kwa komeo. Akaja akaketi kwenye benchi la mbele, akageuka kumtazama, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu na mwenzake.

"Fundi wangu. Mambo yameharibika, lakini yanatengenezeka. Pampu iko stoo hapo. Unga upo wa kutosha. Vijana wote niliowaita wameikimbia, wanaogopa kuingia ulimokohoa. Wewe huna cha kuogopa, kikohozi ni chako."

"Daktari amesema nisiguse."

"Daktari amesema pia dawa haifanyi kitu. Sasa kitu kisichofanya kitu kitakuua vipi? Mara moja tu. Watu waone, watulie, warudi makwao."

Alitikisa kichwa.

"Mkeo yuko nje," Bwana Afya alisema. "Na yule dada yake. Nimewaona. Unajua wanachosema watu kule? Kwamba umeuleta ugonjwa mkutanoni kwa makusudi. Ukitoka mlango huu hivi ulivyo, huna mtaa tena. Lakini ukiingia kazini, mimi nitasimama pale na kipaza sauti, mbele ya mkeo, mbele ya wote, niseme kwa kinywa changu: huyu ni mtumishi wetu, amepimwa, ni mzima. Cheo ninacho. Mimi sihitaji utafiti."

Nje mtu alipiga bati la mlango kwa kiganja. *Papulizwe!*

"Utasema ni mzima?"

"Mzima wa afya. Kwa herufi kubwa."

"Utasema kikohozi changu si kile."

"Nitasema yote unayotaka. Ila usikohoe wakati nasema, fundi. Utaniumbua."

*

Pampu ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka, au yeye alikuwa amezoea kuiota. Miwani haikuwepo. Alifungua ndoo nyeupe chini ya jukwaa, akachota, akamwaga kwenye maji, akakoroga kwa mti. Harufu haikuja. Pua yake ilikuwa imeshakufa ganzi kwa dawa hiyo zamani. Akachota tena. Mtu mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani alirudi nyuma ghafla akipepea uso, akasema kwa furaha, "Eeh, hiyo sasa!" Basi akajua imefika.

"Funga madirisha!" Bwana Afya aliamuru toka nje, na mikono ya watu ikayasukuma moja baada ya jingine, yale waliyotaabika kuyafungua asubuhi. Mlango ukavutwa.

Alianza pembeni. Alipuliza kuta za maziwa, ukanda wa kijani, meza aliyokuwa amesimama daktari, mabenchi, benchi lake. Ukungu ukapanda, ukajaa chini ya paa, ukaanza kushuka. Macho yalimtiririka. Kupitia kioo aliona ng'ambo ya barabara umati umesimama kwenye jua, na mbele kidogo ya umati, mkewe. Alikuwa amemshusha mtoto chini. Shemeji alikuwa kando yake na mikono kifuani, akisikiliza.

"Ndugu wananchi," kipaza sauti kilisema. "Mnayemwona humo ndani ni fundi wetu..."

Mwasho ukaanza chini ya koo.

"...ambaye idara yangu inamtambua. Amepimwa, ndugu zangu. Mara nyingi. Na mimi nasimama mbele yenu kusema, yule mtu ni mzima..."

Alivuta barakoa ya kitambaa, akaikunja, akaitia mdomoni na kuiuma. Kifua kilivutwa. Aliendelea kusukuma mpini wa pampu, juu chini, kwa sababu wakimwona amesimama wangeuliza kwa nini. Alijiegemeza kwenye benchi kwa nyonga asianguke. Kule nje aliona shemeji ameinama kumwambia mkewe neno. Aliona mkewe ameshika mkono wa mtoto, na ameteremka kutoka kwenye ukingo wa barabara, hatua ya kwanza kuja upande huu.

"...mzima wa afya, na kikohozi chake si kile. Makofi kwake!"

Makofi yalilia. Dunia ilikuwa nyeupe, na katikati ya weupe huo kulikuwa na umbo dogo likipunga mkono kuelekea dirisha jingine, si alilosimama yeye. Aliinua mkono wake mmoja alioweza. Mwili wote ulikuwa unaruka kwa ndani, kimya, kama gari lililokwama linavyoruka likiwashwa, na damu ilimjaa masikioni, na alingoja makofi yapungue ili aweze kuanguka nyuma ya jukwaa na kukohoa ambako hakuna atakayesikia.

Yalipungua. Yakaisha. Nje, Bwana Afya aligonga kipaza sauti kwa kidole, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza upya kwa ajili ya wale waliochelewa kufika.